Kufungua duka la ushonaji na jirani mkimbizi

Dada, umeuliza kama unaweza kufungua duka la ushonaji hapo Kayole, Nairobi, na jirani yako mkimbizi kutoka Kongo. Ndiyo, fungueni. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 inamruhusu mkimbizi aliyetambuliwa kufanya kazi na biashara. Hakikisheni kitambulisho chake cha mkimbizi hakijaisha muda, kisha aombe kibali cha kazi cha daraja M, kile cha wakimbizi. Leseni ya biashara ya kaunti nayo msiiache.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pesa. Andikeni mapema nani ameleta cherehani, nani analipa kodi ya chumba, na faida mtagawanaje. Tafadhali usimgeuze kibarua kwa sababu tu leseni ina jina lako. Fundi wa vitenge ni yeye, na wateja watakuja kwa mkono wake.