Simu Isiyopiga Simu: Miezi Minne na Kindle Yangu

Jumapili nimepokea ujumbe wa kijana anayesomea ualimu, yuko mazoezini Lira, kaskazini mwa Uganda. "Shikamoo mwalimu. Nimeiona ile Kindle yako kwenye picha. Nikijinyima nikainunua, nitasoma kama wewe?" Kindle ni kile kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki. Nikamwitikia marahaba, nikamwomba anipe siku mbili. Jibu lake ndilo hili, na limekuwa refu kwa sababu swali limenigusa pabaya.

Nianze na aibu. Nafundisha Kiswahili hapa Jinja, huu mwaka wa tisa, na hadi Desemba iliyopita ilikuwa miaka mitatu sijamaliza kitabu hata kimoja kisichokuwa cha silabasi. Mitatu! Darasani nawahubiria watoto someni, someni. Usiku nipo kitandani na riwaya kwenye simu, ukurasa wa pili, mara kikundi cha ukoo kinaita, kuna mchango wa msiba, halafu kuna video ya mchungaji aliyeteleza jukwaani, halafu ni saa sita na sikumbuki hata jina la mhusika. Unacheka, lakini unajijua.

Kindle yangu ya kwanza niliibiwa, ingawa hakuna aliyenipora. Niliinunua mtumba kwenye kiduka kimoja Kampala kwa shilingi 250,000. Iliwaka, nikaridhika, nikalipa. Kufika nyumbani nikakuta imefungwa kwa akaunti ya mtu mwingine na inadai namba ya siri. Niliporudi, yule muuzaji akanitazama kama hajawahi kuniona duniani. Hadithi hiyo siimalizi, bado inaniuma. Wewe chukua hili: ukinunua mtumba, iwashwe mbele yako, iunganishwe na intaneti ya simu yako, iandikishwe kwa jina lako hapo hapo kaunta, ndipo mkono uingie mfukoni.

Ya pili aliniletea shemeji anayefanya kazi Dubai. Mpya, ndani ya boksi, ile ya kawaida ya inchi 6. Nikaitoa, nikaona juu ya kioo wamebandika karatasi ya plastiki yenye mchoro wa kuonyesha waya unachomekwa wapi. Nikaanza kuibandua kwa ukucha. Kona ya kushoto, haitoki. Kona ya kulia, haitoki. Mke wangu akaniletea kisu cha jikoni. Banange, kisu nilikuwa nimeshakishika, binti yetu akanyoosha kidole akabonyeza kitufe cha chini, na ile "plastiki" ikabadilika yenyewe mbele ya macho yetu. Kumbe ndicho kioo! Ule mchoro ulikuwa umekaa pale tangu kiwandani.

Nilikwenda kusoma ili nielewe nilitaka kukwangua nini. Ndani ya kioo kile mna vijifuko vidogo mno, na kila kimoja kina chembe nyeupe na nyeusi. Umeme ukipita, za rangi moja zinapanda juu na nyingine zinazama. Zikishatulia hazihitaji umeme tena, zinabaki zilipo hata ukizima kila kitu. Kwa hiyo betri inaliwa hasa unapogeuza ukurasa, na kidogo kwa ile taa ya pembeni ukiiwasha usiku. Mimi yangu naichaji mara moja kwa wiki tatu hivi. Umeme ukikatika mtaani, nyumba nzima inagombania betri la akiba kwa ajili ya simu, mimi nimejilalia zangu na kitabu.

Siku ya kwanza lakini sikuipenda. Ni nzito kuitika. Unagusa, inawaza, inapepesa weusi mara moja kama jicho lenye mchanga, ndipo herufi zinakuja. Binti akasema, "Baba, imeshaharibika." Kuandika neno la siri la intaneti kwenye kibodi yake ni kazi ya kuombea dua.

Kilichonigeuza ni safari ya Kampala wiki iliyofuata. Taksi ilijaa, nikawa dirishani upande wa jua. Baada ya msitu wa Mabira tukakuta malori yamepanga foleni, tukasimama, jua likaingia lote. Kila mtu kando yangu alikuwa ameikinga simu yake kwa kiganja akitafuta kivuli cha kuona maandishi. Mimi herufi zangu ndiyo kwanza zinazidi kukolea, maana kioo kile kinasomeka kwa mwanga unaokipiga, kama gazeti. Jirani akaniuliza, "Ssebo, hiyo simu mbona haina rangi?" Nikamwambia si simu. "Sasa inafanya nini?" Inasomwa. Akanihurumia, niliona. Nilishuka Kampala nimesoma sura sita, na kwa miaka mitatu sikuwa nimesoma sura sita mfululizo.

Ofisini kwetu walimu nao wakanipa jina. Mwenzangu mmoja aliinyanyua mezani, akaigeuza huku na huku, akatangaza wakati wa posho na maharage kwamba mwalimu wa Kiswahili kanunua simu isiyopiga simu. Walicheka hadi mpishi akachungulia. Jina likashika. Sawa. Tangu Januari nimemaliza vitabu kumi na kimoja, nimeviorodhesha nyuma ya daftari langu la maandalio kwa tarehe, atakaye aje aone. Mwenzangu yule bado anasoma vichwa vya habari.

Na hapa ndipo ninapotaka tusemane kidogo. Tunalalamika hatuna muda, lakini muda tunao, tumeukabidhi kikundi cha ukoo. Kifaa hiki hakijaniongezea akili wala bidii. Hakijui kupokea ujumbe, basi. Ukiwa na moyo wa kuiweka simu chumba kingine kila usiku, huhitaji kutumia pesa, chukua kitabu cha karatasi usome. Mimi moyo huo sina, nimekubali, nikanunua kasoro ninayoihitaji. Soma kila siku, hata kurasa kumi. Soma foleni ya benki, soma ukingojea taksi ijae. Nimeshasema soma kila siku?

Sasa, mdogo wangu wa Lira, kuna jambo ambalo picha haikukuonyesha, na wewe unakwenda kufundisha Kiswahili. Mle ndani Kiswahili ni mgeni. Bila senti nilipata vitabu vya bure vya zamani kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni yenye vitabu zaidi ya 70,000, na riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata megabaiti mbili, bando halishtuki. Lakini karibu vyote ni vya lugha za Ulaya. Katika vile kumi na kimoja vyangu, vya Kiswahili ni viwili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri hapa Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, tukapiga vigelegele, na mimi mwalimu wake ninalala na Kiingereza.

Kamusi ndiyo iliyonichoma zaidi. Ukikandamiza neno kwa kidole, maana inatokea, jambo zuri kabisa. Ila ya Kiswahili sikuikuta, ipo ya Kiingereza. Nikakandamiza "baba" katika hadithi. Ikaniambia baba ni keki iliyoloweshwa shira ya ramu. Nikakandamiza "dada", nikaelezwa habari za kundi la wasanii wa Ulaya la mwanzoni mwa karne ya 20. Nilimwonyesha binti, akaniita keki mwezi mzima.

Nilichofanya ni kujisaidia mwenyewe. Hadithi zangu na maandalio yangu nayachapa kwenye kompyuta, nayatuma kwenye Kindle kwa baruapepe yake, yanafunguka kama kitabu, herufi nakuza nitakavyo. Makosa ambayo sikuyaona mara tano kwenye kompyuta yanajitokeza pale kama chawa kwenye shuka nyeupe. Ila usitume zile PDF za vitini vilivyopigwa picha kurasa nzima. Kwenye inchi 6 ukurasa wa A4 unakuwa mguu wa sisimizi, na ukikuza unaanza kuusukuma kulia na kushoto mpaka uchoke.

Na nunua kifuniko kabla hujanunua kitu kingine chochote. Mwezi wa Machi nilipanda boda na begi mgongoni, Kindle imelaliana na chupa ya chai, na nyuma yangu kapakiwa abiria wa pili. Tuta moja tu. Chini ya kile kioo laini kuna tabaka jembamba la kioo cha kweli, na ndilo linalovunjika. Fundi wa simu sokoni aliiangalia kwa adabu, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayetoa pole.

Haikufa yote. Kona ya chini kulia imekuwa nyeusi, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, pale hasa panapoandikwa umefika asilimia ngapi ya kitabu. Kwa hiyo cha kumi na mbili nakisoma hivyo hivyo. Jana usiku niligusa ukurasa uje, haukuja, nikagusa tena kwa nguvu, nikadhani sasa imekufa kweli. Kumbe hadithi ilikuwa imeisha.