Kwa Anayeanza Kutumia Kompyuta za Maktaba

Kompyuta ya maktaba ni chombo cha wengi, na atakayeketi mbele yake baada yako huenda akawa mtu usiyemjua kabisa. Katika kazi yangu ya ukutubi nimeona kwamba wasomaji wapya hujihadhari sana wanapoingia katika akaunti zao, kisha huondoka kwa haraka bila kutazama walichokiacha.

Kufunga dirisha la kivinjari hakutoshi, kwa sababu tovuti nyingi huendelea kukutambua kupitia vidakuzi, yaani faili ndogo za kumbukumbu ambazo tovuti huziacha katika kivinjari, mpaka ubonyeze mwenyewe kitufe cha kuondoka. Ondoka katika barua pepe na katika hifadhidata za majarida, kisha futa faili ulizopakua, hasa nakala za vyeti na vitambulisho, na uziondoe pia katika pipa la taka la kompyuta. Usisahau printa: waraka uliokwama unaweza kutoka wakati wewe umeshaondoka. Zipo maktaba zilizoweka programu inayorudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa upya, lakini hata hapo nakusihi ufute mwenyewe, kwa maana si kila mtu huizima kompyuta anapomaliza. Hali ya faragha ya kivinjari nayo huaminiwa kupita kiasi. Haihifadhi historia, ila faili ulizopakua hubaki, na wasimamizi wa mtandao bado wanaweza kuona tovuti ulizozitembelea.

Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika akaunti zako, yaani mbali na nywila uombwe pia uthibitisho wa pili, kama vile namba inayotumwa kwenye simu yako. Oktoba 2023 wadukuzi waliishambulia British Library ya London, wakaiba data na kuivuruga mifumo yake kwa miezi kadhaa. Ripoti ya maktaba hiyo ya Machi 2024 ilieleza kwamba seva (kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine mtandaoni) ambayo yaelekea ndiyo waliyoipitia haikuwa na kinga hiyo. Ikiwa taasisi kubwa kiasi hicho iliumia kwa pengo kama hilo, nywila peke yake ni ulinzi mdogo mno kwako. Tovuti ikikuuliza kama iikumbuke kompyuta unayotumia, kataa.

Barua pepe inayodai kwamba akaunti yako ya maktaba itafungwa leo usiijibu, wala usibonyeze kiungo chake. Andika mwenyewe anwani ya maktaba katika kivinjari, au njoo utuulize. Tutakusaidia kwa moyo wote, hata kama swali lako unaliona dogo. Nywila, hata hivyo, iandike kwa mkono wako, nasi tutageuka pembeni.