Dada, sukuma yako ya kwenye ndoo haina njaa

Dada pole, umesema sukuma wiki zako za kwenye ndoo hapo balkoni Manchester zinageuka njano na kila wiki unazipa mbolea ya maji, mi nakuomba simamisha kwanza hiyo mbolea. Desemba huko mwanga ni kama masaa saba na nusu tu kwa siku na mizizi iko kwenye udongo wa baridi kali, mmea haukui sasa hicho chakula utakila na nini? Kinabaki kwenye udongo au mvua inakitoa chini bure, na ukizidisha naitrojeni, ile ya kwenye mbolea inayokuza majani, majani yanakuwa laini laini, jalidi (ile baridi ya kugandisha) ikipiga usiku mmoja asubuhi yamelala.

Njano ya majani ya chini peke yake ni uzee, chuma tupa. Ila kama ni mmea mzima angalia maji kwanza, ingiza kidole, ukikuta tope basi mizizi inazama, inyanyue ndoo juu ya matofali na hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Hilo ndo linaua sukuma nyingi kuliko njaa, kweli kabisa.

Ikitokea wiki ya joto joto na majani yamepauka, wape mbolea mara moja tu, nusu ya kipimo cha kwenye chupa, udongo ukiwa na unyevu. Halafu mwisho wa Februari kuelekea Machi ukiona majani mapya katikati, weka mboji kiganja juu ya kila ndoo na urudie mbolea yako taratibu.

Mchicha kupanda subiri Mei, jalidi hauiwezi.