Mbona nyimbo hizi si zile za kaseti zangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimetazama filamu ya Rock of Ages ya mwaka 2012, ambayo hadithi yake inatokea Los Angeles mwaka 1987. Ujana wangu niliumalizia kwenye glamu metali, ile roki ya nywele zilizotimuliwa na suruali za kubana, na nyimbo zake ninazijua hadi vibwagizo. Nilipoisikiliza albamu ya filamu hiyo nilikuta wanaoimba ni waigizaji. Je, bendi zenyewe zilikataa? Tena, mbona zimo nyimbo zilizotoka baada ya 1987?

JIBU: Ndugu msomaji, masikio yako hayajakudanganya, ila bendi usizilaumu. Kabla ya kuwa filamu, kazi hii ilikuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, uliofika Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, mwaka 2009, na katika michezo ya aina hiyo wimbo huchukua nafasi ya mazungumzo, kwa hiyo hauna budi kutoka kinywani mwa mhusika tunayemwona. Hakimiliki nayo ina mgawanyo wake: kuna haki ya utunzi na kuna haki ya rekodi, na anayerekodi upya huomba ya kwanza bila kuigusa ya pili. Ndiyo maana Tom Cruise, aliyefundishwa na Ron Anderson, mwalimu wa sauti aliyewahi kumnoa Axl Rose, mwimbaji wa bendi ya Guns N’ Roses, anaimba mwenyewe “Wanted Dead or Alive” ya Bon Jovi, na kwa kweli hakuniaibisha.

Kuhusu miaka, umewanasa. “Every Rose Has Its Thorn” ya Poison ni ya 1988, “Heaven” ya Warrant ni ya 1989, na “More Than Words” ya Extreme imo katika albamu ya 1990. Kosa hilo mimi ninalisamehe, kwa kuwa mtu akikumbuka ujana wake hakumbuki kwa kalenda.

Nisilolisamehe ni jinsi hizo mbili za mwisho zilivyounganishwa kuwa wimbo mmoja wa wapenzi wawili. Katika rekodi ya Extreme mna gitaa moja tu na sauti mbili, na Nuno Bettencourt, mpiga gitaa wa bendi hiyo, anazichapa nyuzi kwa vidole hadi unatoka mdundo unaokaa mahali pa ngoma. Ukisikiliza kwa makini, ukimya ulio kati ya mapigo hayo ndio unaoubeba wimbo. Kwenye filamu sauti zimepigwa pasi, na ule ukwaruzo ulioufanya moyo wako ushtuke zamani umepotea.

Ukitaka filamu inayoiacha rekodi ya asili izungumze, tafuta The Wrestler ya mwaka 2008. Mwanamieleka mzee anayeigizwa na Mickey Rourke anaingia ulingoni huku “Sweet Child o’ Mine” ya Guns N’ Roses ikipigwa kwa sauti ya Axl Rose mwenyewe. Yeye haimbi hata neno moja, anatembea tu kuelekea kwenye kamba.