Jibu: Sura ya mtu ya kikubisti katika filamu

Ndugu, umeuliza kama filamu inaweza kuonyesha sura ya mtu kwa njia ya kikubisti, yaani kuigawa vipande na kuionyesha kutoka pande kadhaa kwa pamoja, na kama Afrika ina nafasi humo zaidi ya kuwa pambo. La kwanza lilikwisha kujaribiwa mwaka 1924, mchoraji Fernand Léger na mtengeneza filamu Dudley Murphy walipoupiga picha uso wa Kiki wa Montparnasse, mwanamitindo wa Paris, kupitia prizimu (kioo kinachopinda mwanga), ukagawanyika vipande. La pili ndilo zito. Picasso, mmoja wa wachoraji walioanzisha ukubisti, alikuwa na barakoa ya Wagrebo wa Liberia na Côte d'Ivoire, ambayo macho yake ni mirija iliyochomoza mbele; Kahnweiler, aliyekuwa akimuuzia kazi zake, alieleza kwamba humo ndimo lilimotoka wazo la gitaa la karatasi ngumu ambalo Picasso alilitengeneza kama sanamu mwaka 1912, ambalo tundu lake limeonyeshwa kwa mrija uliojitokeza nje. Lakini barakoa kama hiyo ilichongwa ivaliwe na mtu anayesogea, haikuchongwa itundikwe ukutani. Kwa hiyo ningemzungusha mhusika taratibu mbele ya kamera, kisha nikapachika picha ya ubavu wake juu ya ile ya mbele, badala ya kumvisha barakoa ya dukani, mtindo ambao, kusema kweli, umenichosha.