Stockport County 2024/25: nafasi ya 3, lakini hawakupanda

Unauliza kwa nini Stockport, klabu ya soka ya Uingereza, hawakupanda daraja wakati walimaliza wa 3. League One, daraja la tatu Uingereza, lina timu 24 na mechi 46. Wawili wa juu hupanda moja kwa moja. Wa 3 hadi wa 6 huingia mchujo kugombea nafasi moja. Stockport, waliokuwa wametoka kupanda kama mabingwa wa League Two (daraja la nne), walipata pointi 87, nyuma ya Birmingham (111) na Wrexham (92). Mchujo haujali pengo la pointi: Leyton Orient, wa 6 kwa pointi 78, walitoka nao sare 2-2, kisha 1-1 pale Edgeley Park, uwanja wa Stockport, wakawatoa kwa penalti. Inauma sana.

Kilichowaumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni Januari. Louie Barry, aliyekuwa kwa mkopo kutoka Aston Villa, alikuwa na mabao 15 ya ligi Villa walipomrudisha. Timu iliyopanda ikitegemea mfungaji wa mkopo, iwe na mbadala tayari kabla dirisha la usajili halijafunguliwa. Hata hivyo, kwa waliotoka kupanda, kazi ya kocha wao Dave Challinor ilikuwa kubwa mno.