Jirani yako ni mkimbizi? Mimi nilianzia hapa

Dada uliyeuliza utamsaidiaje jirani yako Mkongomani, na kama kweli "UN inawalipa", ngoja nikueleze niliyoyaona. Mimi niko Kayole, hapa Nairobi. Mlango unaotazamana na wangu ni wa mama mmoja kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, na watoto wake watatu.

Hilo la kulipwa tulimalize haraka. Mgao wa chakula uko kambini, Kakuma na Dadaab. Aliye Nairobi kwa kawaida anajitafutia: kodi, maji, unga, vyote. Jirani yangu hutembeza vitenge mlango kwa mlango, na siku mbaya hurudi na mzigo vilevile begani.

Tulijuana jioni moja askari walipoingia mtaani wakiuliza vitambulisho. Aligonga akaomba akae kwangu hadi wapite. Ndani ya Biblia yake alitoa karatasi iliyofungwa kwa nailoni, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Ndiyo iliyoonyesha kwamba ameomba hifadhi na anasubiri kitambulisho cha mkimbizi. Alikuwa amesubiri miaka miwili na ushei. Karatasi ile ikipotea, hana cha kumwonyesha mtu yeyote.

Kosa nililolifanya mapema, usilirudie: niliuliza binti yake mkubwa baba yuko wapi. Aliweka kijiko chini, akatoka akasimama penye kamba ya nguo mpaka giza likaingia. Bado linaniuma. Miezi baadaye mama mtu alinisimulia mwenyewe, tukikatakata sukuma wiki, bila mimi kuuliza.

Kilichomsaidia zaidi hakikuwa pesa. Binti huyo alikaa nyumbani tangu Januari hadi Mei kwa sababu shule moja ya umma ilidai cheti cha kuzaliwa cha Kenya. Mama alikwenda mara nne, akaishia getini. Mara ya tano tulikwenda pamoja. Mwalimu alizungumza na mimi tu, kana kwamba mwenzangu hayupo, na Kiswahili chake cha Kongo kikachekwa pale ofisini, ile "aksanti" yake. Nilimwambia mwalimu kwamba Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kila mtoto, si kila Mkenya. Ilibidi turudi mara mbili zaidi, lakini aliingia darasani.

Kwa hiyo ninaposema msaada, nina maana ya kumsindikiza. Shuleni, hospitalini, kwa mwenye ploti anayetaka kupandisha kodi kwa sababu tu mpangaji ni mgeni. Ukikaa kando yake, majibu hubadilika. Inaudhi kwamba iko hivyo, lakini iko hivyo, na wewe unayo nafasi hiyo bila kutoa shilingi.

Akikamatwa, usikimbilie kutoa kitu kidogo. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana mawakili wanaowatetea wakimbizi bila malipo. Wao ndio waliokwenda mahakamani serikali ilipoagiza, Desemba 2012, wakimbizi wote wa mijini warudi kambini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo. Tafuta namba yao leo, muihifadhi wote wawili, kabla ya siku ya shida. Mwambie pia apige picha karatasi zake zote na kukuachia nakala.

Na ukinunua kitenge, lipa bei aliyoitaja. Nimewaona majirani wakimpunguzia hadi anauza kwa hasara, eti ana shida atakubali tu. Mimi humtafutia wateja kanisani na kwenye chama chetu, na mwezi wa Desemba hapo ndipo kodi yake ilipotoka.

Nawe anza na jambo dogo: mgongee Jumamosi, muulize kama watoto wote wanaenda shule. Kama kuna aliyebaki nyumbani, Jumatatu asubuhi mwende pamoja.